Waya Mmoja Husema, Nyaya Mbili Huelekeza



Juma hili naijibu barua ya mzee mmoja wa upande wa Sikonge. Jina lake nalihifadhi, kama alivyoomba. Anaandika kwamba kijana wake, aliyerudi nyumbani baada ya masomo ya ufundi, ametumia fedha ya tumbaku kununua redio kuukuu ya kusemea na kusikilizia. Sasa anataka kutundika nyaya katika miembe miwili ya babu yake. Majirani wamekwisha kunong'ona. Mmoja asema nyaya zile zitafukuza mvua. Mwingine asema zitavuta radi. Wa tatu asema kijana ataongea usiku na watu wasiojulikana. Mzee auliza mambo matatu: Je, kazi hii ni halali? Je, ina faida? Na je, yawezekana kweli sauti ifike Ulaya, na mashine yenyewe hula betri moja ya gari tu?

Shikamoo, mzee wangu. Maswali yako ni ya mtu mwenye busara, nami nitayajibu moja moja. La tatu nitalieleza kwa urefu, maana ndilo lenye kazi ya mikono ndani yake, na naamini wapo vijana wengine watakaolisoma.

JE, NI HALALI?

Ni halali kwa mwenye leseni. Kazi hii huitwa redio ya ridhaa, kwa sababu wanaoifanya hawalipwi. Huifanya kwa kupenda ufundi. Leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yaani TCRA, na sheria inayohusika ni Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Mwenye leseni hupewa jina la kuitia, na majina ya Tanzania huanza na 5H. Zamani za ukoloni Tanganyika ilikuwa VQ3 na Zanzibar VQ1. Jirani zetu nao wana yao: Kenya 5Z, Uganda 5X, Burundi 9U. Basi asikiaye jina hutambua mara moja msemaji ni wa nchi gani.

Redio hii ina miiko. Hairuhusiwi kufanyia biashara, wala kuficha maneno kwa lugha ya siri. Msemaji hana budi kujitaja kwa jina lake la kuitia, na yeyote mwenye redio ifaayo aweza kumsikiliza tangu mwanzo hata mwisho. Kwa hiyo jirani yule wa tatu na atulie: hakuna mazungumzo yaliyo wazi kuliko haya. Lakini kijana asiye na leseni asikiguse kamwe kitufe cha kusemea. Aanze kwa kusikiliza, apate leseni, ndipo aseme.

JE, INA FAIDA?

Nitasema kweli. Kwa mambo ya kila siku simu ya mkononi yatosha, na redio ya ridhaa haitamletea kijana hata shilingi moja. Kama fedha ile ilikuwa ya mbolea au ya ada ya wadogo zake, redio na ingoje. Ada hailipwi kwa mawimbi.

Faida yake ni ya namna nyingine. Simu ya mkononi hutegemea mnara, na mnara hutegemea umeme na njia ndefu ya kupitishia habari. Vitu hivyo vikianguka, simu hugeuka saa ya kuangalia wakati. Desemba 2004, mawimbi makubwa ya bahari yalipovipiga visiwa vya Andaman vya India, watu wa redio ya ridhaa waliokuwa visiwani ndio waliopeleka habari za wazima na waliopotea. Huku kwetu, mwaka 1957 madaktari Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees walianzisha huduma ya madaktari wa ndege, ambayo leo twaijua kwa jina la AMREF. Baadaye hospitali za mbali, nyingi zikiwa za misheni, ziliunganishwa na Nairobi kwa redio. Zile hazikuwa redio za ridhaa, lakini kanuni ya waya wake ni ile ile.

Yafaa pia wasomaji wajue kwamba Padre Maximilian Kolbe wa Poland, aliyeuawa Auschwitz mwaka 1941 na kutangazwa Mtakatifu mwaka 1982, alikuwa mmoja wa watu hawa. Jina lake la kuitia lilikuwa SP3RN.

Na sisi wa Tabora twapaswa kuwa wa mwisho kumcheka mtu atafutaye njia ya kupeleka habari mbali. Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857, wakafika Kazeh, yaani hapa Tabora, tarehe 7 Novemba: safari ya siku 134. Mfuko mmoja wa barua za Livingstone uliandikwa tarehe 1 Novemba 1870, ukakaa Unyanyembe bila mtu wa kuupeleka mbele, mpaka Stanley alipouchukua na kumfikishia mwenyewe Ujiji, Novemba 1871. Mwaka mzima! Si kwamba njia haikuwako. Njia ilikuwako, lakini vita na ukosefu wa wapagazi viliifunga. Wakati huo huo Livingstone alikuwa mgonjwa na mhitaji. Asiyejua uchungu wa habari iliyokwama njiani na atazame hapo. Wimbi la redio hutoka Tabora hata Bagamoyo, yapata kilometa 700 kwa mstari ulionyooka, kwa muda ulio mfupi kuliko kupepesa jicho.

KWA NINI NYAYA MBILI?

Sasa tuje kwenye swali la tatu. Mashine ya kawaida ya kazi hii hutoa wati 100, nayo inaposema hula takriban ampea 20 kutoka katika betri. Nguvu hiyo ni kama ya globu moja ya zamani ya sebuleni. Mtu wa kijijini hawezi kuiongeza: betri haitoshi, wala fedha haitoshi. Lakini aweza kuielekeza.

Washa taa katikati ya chumba, mwanga utasambaa kila upande. Weka nyuma yake sufuria iliyosuguliwa ikang'aa, utaona upande wa mbele umezidi kuwa mweupe, na nyuma kumeingia giza. Taa haikuongezewa mafuta. Ule mwanga uliokuwa ukipotea nyuma umerudishwa mbele. Waya wa pili ndiyo sufuria yetu.

Waya wa mbele ndio uliofungwa kwenye mashine. Waya wa nyuma haukufungwa popote, huning'inia tu. Wimbi la waya wa mbele huupiga, nao huanza kutoa wimbi lake. Vipimo vikiwa sawa, mawimbi hayo mawili hukutana mbele yakiwa na hatua moja, kama watu wawili wanaosukuma mkokoteni kwa mkupuo mmoja. Nyuma hukutana yakipingana na karibu kufutana. Faida yake mbele ni kama mtu aliyezidisha nguvu ya mashine mara mbili na nusu. Eriali za jinsi hii, ambazo siku hizi wengi huziita antena, zilielezwa Japani mwaka 1926 na Shintaro Uda na Hidetsugu Yagi wa Chuo Kikuu cha Tohoku. Nyingi za televisheni juu ya mapaa ya mjini ni wajukuu wa kazi yao.

VIPIMO NA VIFAA

Tuchukue masafa ya megahezi 14, ambayo watu wa ridhaa wameruhusiwa kuanzia 14.000 hata 14.350. Haya hufika mbali sana wakati wa mchana.

Kanuni ya kwanza yafaa kukaririwa: gawanya 143 kwa megahezi, utapata urefu wa waya kwa meta. Kwa 14.2 jibu ni meta 10 na sentimeta 7. Lakini usikate hivyo mara moja! Waya wa nyumba uliovikwa plastiki huhitaji kuwa mfupi zaidi kwa sehemu tatu hivi katika mia, na miti, bati na kimo hubadili mambo. Mshonaji mwema huacha pindo. Anza na meta 10 na sentimeta 30, ukate katikati, upate vipande viwili vya meta 5 na sentimeta 15. Kila kipande hufungwa kwenye uzi mmoja wa kebo itokayo kwenye mashine. Lehemu kwa risasi, kisha funika vizuri maji yasiingie, maana kebo iliyokunywa maji haifai tena. Chini kidogo ya kifundo hicho, kunja kebo mizunguko minane yenye upana wa sahani ya wali, uifunge kwa kamba. Mizunguko hiyo huzuia mawimbi yasirudi nyumbani kwa kufuata ngozi ya kebo.

Waya wa nyuma haukatwi katikati. Huwa mrefu kuliko wa mbele kwa sehemu tano katika mia: anza na meta 10 na sentimeta 60. Nafasi kati ya nyaya hizi mbili ni meta 3 na sentimeta 20.

Tafuta mianzi miwili mikavu, kila mmoja wa meta tatu na nusu. Nyaya hutandazwa kati ya mianzi hiyo, kama kamba mbili za kuanikia nguo, na kila mwanzi huinuliwa kwa kamba mpaka juu ya mti. Katika kila ncha ya waya tia kipande cha bomba la plastiki kabla ya kamba, ili waya usiguse mwanzi wala mti. Kimo kizuri ni meta 10 au zaidi. Chini ya hapo wimbi hupanda juu mno badala ya kwenda mbali. Kupitisha kamba juu ya tawi hakuna haja ya kumpandisha mtoto. Warina asali wetu wajua jambo hili: funga jiwe kwenye uzi, rusha juu ya tawi, kisha vuta kamba kwa uzi ule. Mwisho wa kamba usifunge kwenye shina, bali ning'iniza jiwe zito. Mti ukiyumba kwa upepo jiwe litapanda na kushuka, na waya hautakatika.

WAYA UANGALIE WAPI?

Hapa ndipo wengi huchoka kusoma, na hapa ndipo kazi yote ilipo. Waya hausemi kwa ncha zake. Husema kwa ubavu wake. Anayetaka kusema na watu wa kaskazini hutandaza waya kutoka mashariki kwenda magharibi.

Kutoka Tabora, Roma iko yapata kilometa 5,600. Ukiinyooshea mkono hutaelekea kaskazini kamili, bali utaegemea magharibi kwa nyuzi 20 hivi. London nayo iko karibu katika mstari huo huo. Kwa hiyo piga kigingi cha kwanza chini. Tembea hatua 30 mashariki kamili, kisha geuka kaskazini hatua 11, upige kigingi cha pili. Mstari kati ya vigingi hivyo ndio mstari wa nyaya zako. Waya wenye kebo ukae upande wa kaskazini, waya mtupu upande wa kusini.

Kama miembe ya babu haikukaa katika mstari huo, usiikate na usijidanganye kwamba karibu yatosha. Simika nguzo. Miembe mingi ya kwetu ilitunza wasafiri wa misafara kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912. Haistahili kuangushwa kwa ajili ya waya.

KUSAWAZISHA

Kwa kazi hii hitaji kipimo cha mawimbi yanayorudi. Mashine nyingi zinacho ndani yake. Mwenye leseni ndiye atakayesema hewani wakati wa kupima, kwa nguvu ndogo. Kipimo kikisoma 1, nguvu yote imekwenda. Kikisoma 1.5, sehemu nne tu katika mia zimerudi, ridhika. Kikisoma 2, zimerudi 11. Kikisoma 3, imerudi robo nzima, na mashine yaweza kuumia.

Pima mahali patatu: 14.000, 14.200 na 14.350. Kama kipimo ni kidogo kabisa huku chini, waya wa mbele ni mrefu. Kama ni kidogo huku juu, ni mfupi. Kukata sentimeta 10 kwa jumla, yaani tano kila upande, hupandisha masafa kwa karibu 0.14 ya megahezi. Basi fanya hesabu kwanza, ndipo ushike kisu. Afadhali zaidi, usikate: ukunje ncha nyuma juu ya waya wenyewe na kuizungushia. Kilichokunjwa hukunjuliwa, kilichokatwa kimekwenda. Kila mara ushushe, urekebishe pande zote mbili sawasawa, uinue tena na kupima ukiwa juu. Kipimo kilichochukuliwa waya ukiwa chini ni uongo mtupu. Ukimaliza, rekebisha na wa nyuma, uzidi wa mbele kwa sehemu zile tano katika mia.

Kisha keti usikilize. Redio iwe ya kupokea namna ya usemi wa watu hawa, maana redio ya kawaida ya nyumbani itatoa sauti kama ya bata. Wasemaji wa Ulaya wawe na nguvu, na wa Afrika Kusini, ambao majina yao mengi huanza na ZS, wawe wanyonge. Ukiona kinyume chake, wa kusini wananguruma na wa kaskazini wananong'ona, jua waya wa nyuma ni mfupi mno. Waya mtupu ukiwa mfupi kuliko wenzake hauwi sufuria tena. Huvuta wimbi upande wake. Urefushe.

GHARAMA YA KUCHAGUA

Jambo moja vijana hawalipendi kulisikia. Waya ulioelekezwa kaskazini umekuwa kiziwi upande mwingine. Dar es Salaam na Kigoma ziko karibu na ncha zake, mahali ambapo haisemi wala haisikii vizuri. Tena hata ukiugeuza, kwa megahezi 14 mchana wimbi hupanda mpaka tabaka la juu la anga linaloshikwa na umeme wa jua, likashukia mbali sana na kuwaruka walio karibu. Kwa hiyo kijana aweza kusalimiana na mtu wa Roma, asimpate mtu wa Kigoma.

Dawa ipo, nayo ni rahisi. Kwa majirani tumia megahezi 7 na waya mmoja tu wa meta 20 hivi, ulio chini, meta 5 au 6 kutoka ardhini. Wimbi lake hupanda juu moja kwa moja na kunyesha kama mvua juu ya eneo la mamia ya kilometa. Ningekuwa mimi mwenye kijana, ningemwambia autundike huu kwanza. Siku ya mafuriko au njia kukatika, msaada wa kwanza hautatoka Ulaya. Utatoka Nzega, Kigoma au Dodoma. Huo mwingine wa nyaya mbili ndio wa kujifunzia ufundi na kuijua dunia.

MVUA NA RADI

Waya haufukuzi mvua. Mvua huletwa na pepo na bahari na misitu, nayo misitu sisi wenyewe ndio tunaoimaliza kwa mkaa na kwa kukaushia tumbaku. Hapo ndipo majirani wangeelekeza maneno yao.

Lakini jirani wa radi asidharauliwe. Waya hauiiti radi kutoka mbali; hata hivyo kitu chochote kirefu chaweza kupigwa, na kebo ni njia ya kuingilia nyumbani. Basi tangu Novemba hata Aprili, wingu likianza kujikusanya, kebo ichomolewe na kuachwa nje ya nyumba, mbali na dirisha, si wakati ngurumo imekwisha kufika. Wala usiguse waya mtu anaposema hewani, huunguza. Na nyaya za umeme za TANESCO ziwe mbali kiasi kwamba waya wako ukianguka, au kamba ikirushwa vibaya, havitazifikia kamwe. Kosa hapo halina mara ya pili.

Mwambie kijana aandike vipimo vyake vyote katika daftari, kila alipokunja na kila alipokunjua, na siku ya kuinua awaite majirani wale watatu washike kamba. Anayevuta kamba pamoja nawe huona kilicho mwisho wake.

Mwenye swali na aandike. Hadi juma lijalo, kaeni salama.